Saratani Haijui Kafyu

Jioni ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili 2020, barabara za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Kenya ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona wiki tatu tu nyuma, na nia ya serikali ilieleweka: virusi visisafiri pamoja na watu. Lakini tiba ya mionzi ya saratani ilipatikana katika miji michache, na Nairobi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Anayetibiwa kwa mionzi huhitajika kufika siku tano kwa wiki, aghalabu kwa wiki kadhaa mfululizo. Mtu wa Kitui au Taita aliyekwenda nyumbani kuwaona watoto mwisho wa wiki angeweza kujikuta nje ya kizuizi, na mashine iko ndani.

Uganda mambo yalikuwa makali zaidi. Usafiri wa umma ulisitishwa tarehe 25 Machi, magari binafsi yakafuata siku chache baadaye, na mgonjwa aliyetaka kupelekwa hospitali kwa gari alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wilayani, yule wanayemwita RDC. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago, Kampala. Anayetoka Arua huwa ana zaidi ya kilomita 450 mbele yake kabla hajamwona daktari.

Tanzania haikufunga mabasi wala masoko. Shule zilifungwa Machi na kufunguliwa tena mwishoni mwa Juni, lakini mtu wa Tabora aliweza kupanda basi mpaka Dar es Salaam na kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road bila kusimamishwa na askari. Kilichofunga njia huko kilikuwa hofu. Hospitali ya Amana pale Ilala ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa korona, video za mazishi ya usiku zikapita kutoka simu hadi simu, na familia zikaona heri mgonjwa abaki nyumbani ajifukize.

Asiyeamini nguvu ya hofu hiyo aitazame Uingereza, ambako mgonjwa hadaiwi pesa mlangoni na hospitali haiko mbali. Aprili 2019, watu wapatao 199,000 walipewa rufaa ya haraka katika England kwa kushukiwa kuwa na saratani. Aprili 2020 idadi ilishuka mpaka kama 80,000, upungufu wa asilimia 60. Saratani yenyewe haikupungua hata kidogo. Waliopungua ni watu waliompigia daktari simu kusema wameona uvimbe, na madaktari walioweza kuwaona. Shirika la Afya Duniani lilipozihoji nchi 155 mwezi Mei mwaka huo, asilimia 42 zilisema huduma zao za matibabu ya saratani zimevurugika kwa kiasi fulani au zimesimama kabisa.

Yote hayo yangekuwa historia tu kama milipuko ingekuwa imekwisha. Haijaisha. Uganda ilipata Ebola tena Septemba 2022, mkoa wa Kagera nchini Tanzania ukapata ugonjwa wa Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025, na mpox ikavuka kutoka Kongo hadi kwa majirani mwaka 2024. Kila mara familia yenye mgonjwa wa saratani hukabiliwa na swali lile lile: aende sasa, au anaweza kungoja?

Jibu halifanani kwa kila mgonjwa, na hapo ndipo wengi walipoumia. Mwishoni mwa 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 34 zilizohusu wagonjwa zaidi ya milioni moja. Kwa aina nyingi za saratani zilizochunguzwa, kila wiki nne za kuchelewa kuanza tiba ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 13. Kwa upasuaji peke yake ongezeko lilikuwa kama asilimia 6 hadi 8. Hizo ni wastani. Nyuma ya wastani kuna magonjwa ambayo hayalingani mwendo.

Upande mmoja kuna uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda. Huanza mara nyingi kwenye taya au tumboni, na seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa na meno yanayolegea, wiki hii uso umevimba upande mmoja. Habari njema ni kwamba kasi hiyo hiyo huifanya saratani hii isikie dawa vizuri, ilimradi mtoto afikishwe. Leukemia kali, saratani ya damu, ni vivyo hivyo. Kwa watoto hawa hakuna kafyu wala karantini inayostahili kuheshimiwa kuliko dripu. Mzazi akizuiwa barabarani, ashike simu amtafute daktari, polisi, mwenyekiti wa kijiji, chifu, yeyote mwenye uwezo wa kuandika kibali.

Upande wa pili yupo mzee mwenye saratani ya tezi dume ya kiwango cha chini, ambaye hata nyakati za amani daktari angeweza kumfuatilia kwa vipimo tu kwa miaka. Akiahirishiwa miezi mitatu, hajapoteza kitu. Kati ya hao wawili wako wengi. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi, mwenye saratani ya titi inayolishwa na homoni, anaweza kuanzishiwa vidonge huku akingojea chumba cha upasuaji, na hospitali nyingi duniani zilifanya hivyo 2020. Kwa mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyeanza mionzi mambo ni tofauti: ratiba yake ikikatika katikati, uvimbe hupata nafasi ya kujijenga upya, na madaktari hujitahidi matibabu yote yamalizike ndani ya wiki nane.

Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kliniki imeahirishwa, asikubali neno hilo peke yake. Aulize mambo mawili: saratani yangu inaweza kungoja muda gani, na katika kungoja huko nitapewa nini? Daktari anayejua kazi yake huwa na jibu, na kama jibu ni kwamba haiwezi kungoja, ndiye mtu wa kwanza wa kuandika barua ya rufaa kwenda mahali pengine. Wapo wanaoona haya kumhoji daktari. Haya hiyo ina gharama.

Balaa kubwa zaidi, hata hivyo, huwapata wale ambao hawajawa wagonjwa wa mtu yeyote. Hawana kadi, hawana faili, wana dalili tu. Watafiti wa England walipokadiria Julai 2020 athari za uchunguzi kuchelewa, walitabiri vifo vya ziada kati ya 3,291 na 3,621 ndani ya miaka mitano kwa saratani nne tu: ya titi, ya utumbo mpana, ya mapafu na ya umio. Marekani, Norman Sharpless, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani, alikadiria karibu vifo 10,000 vya ziada katika miaka kumi kwa saratani ya titi na ya utumbo mpana pekee. Afrika Mashariki haina takwimu safi kiasi hicho. Lakini makadirio ya mwaka 2020 yaliipa Kenya wagonjwa wapya wa saratani wapatao 42,000 na Tanzania wapatao 40,000, na vifo karibu 27,000 kwa kila nchi. Vifo vinapokaribia theluthi mbili ya wagonjwa wapya, maana yake ni kwamba watu walikuwa wakifika wamechelewa hata kabla ya korona. Mlipuko uliongezea kuchelewa juu ya kuchelewa.

Dalili zisizovumilika wakati wa mlipuko ni zile zile zisizovumilika siku nyingine. Damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au baada ya kujamiiana. Chakula kikavu kinachogoma kushuka, kisha uji nao ukaanza kugoma. Watu wa magharibi ya Kenya, Bomet hasa, wanaijua vizuri dalili hiyo ya saratani ya umio. Damu kwenye choo kwa mtu aliyezoea kusema ni bawasiri. Kidonda mdomoni kisichopona. Mtoto ambaye mboni yake hung'aa nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi: huyo apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, maana retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto, ikikamatwa mapema maisha huokolewa, na mara nyingine hata jicho.

Kikohozi kina shida yake ya pekee. Wakati wa korona wengi waliokohoa walipimwa korona, na majibu yakiwa safi wakaambiwa waende zao nyumbani. Majibu safi ya korona hayasemi lolote kuhusu kifua kikuu wala saratani ya mapafu. Kikohozi kikipita wiki tatu, uzito ukishuka, au makohozi yakiwa na damu, mgonjwa ana haki ya kudai kipimo cha makohozi na picha ya kifua. Kinyume chake nacho hutokea: mtu hutibiwa kifua kikuu kwa miezi bila kipimo kuthibitisha, hana nafuu, na hakuna aliyefikiria saratani.

Na titi? Uvimbe mpya ulio mgumu, ngozi inayojikunja, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, hayo hayangoji mlipuko upite. Kuna jambo dogo lililowatia wanawake wengi wasiwasi mwaka 2021, nalo ni uvimbe kwapani baada ya chanjo ya korona. Chanjo inaweza kuvimbisha tezi za kwapa za upande uliochomwa sindano, na tezi hizo huonekana kwenye mamogramu. Anayekwenda kupimwa amwambie mpimaji alichomwa lini na mkono gani. Uvimbe wa aina hiyo hunywea wenyewe ndani ya wiki chache; usiponywea, uchunguzwe.

Kwa aliyekwisha kuanza matibabu, hatari ya karibu zaidi si foleni. Ni homa. Dawa nyingi za saratani zinazoingizwa kwa dripu hupunguza chembe nyeupe za damu, na upungufu huwa mkubwa zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dozi. Katika siku hizo maambukizi ya kawaida ya bakteria yanaweza kuua ndani ya saa chache. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, mgonjwa aende hospitali mchana au usiku, apewe antibayotiki za mshipa. Wakati wa korona wagonjwa wa namna hii walikwama pabaya: mwenye homa aliogopa kutupwa kwenye wodi ya washukiwa, akameza paracetamoli joto likashuka, na kwa joto kushuka akadhani amepona.

Dawa ya woga huo ni maandalizi. Kipimajoto kiwe ndani ya nyumba. Namba ya nesi wa kliniki ya saratani iwe kwenye simu ya mgonjwa na ya mtu anayelala naye nyumba moja. Na pale getini, kabla ya maelezo mengine yoyote, maneno ya kwanza yawe haya: "Natumia dawa za saratani, nina homa." Sentensi hiyo fupi hubadilisha foleni. Kadi ya kliniki ionyeshwe hapo hapo.

Kuhusu kujifukiza, ambako Tanzania kulipigiwa debe mno mwaka 2020: mvuke wa maji ya moto hautibu korona wala saratani, na mgonjwa aliyedhoofika anaweza kuunguzwa na sufuria. Mitishamba ya kunywa ina hatari zaidi, kwa kuwa baadhi yake hugongana na dawa kwenye ini. Anayetumia aseme. Madaktari wamekwisha kuyasikia yote, hakuna atakayeanguka kwa mshtuko. Chanjo za ugonjwa unaosambaa, zikiwepo, mgonjwa wa saratani ndiye wa mbele kwenye mstari, hasa mwenye saratani ya damu, ambaye korona ilimpiga vibaya kuliko wengi. Kinachohitaji ushauri wa daktari ni kama chanjo hiyo inamfaa, na siku ya kuchanjwa, ili isigongane na dozi.

Halafu kuna karatasi. Hospitali iliyopokea wagonjwa wote jana inaweza kugeuzwa kituo cha karantini kesho, kama ilivyokuwa kwa Amana, au kama Mbagathi ya Nairobi ilivyotengewa wagonjwa wa korona. Wauguzi huhamishwa, faili hubaki kabatini. Kilicho muhimu kuliko yote ndani ya faili ni majibu ya kinyama, yaani ripoti ya patholojia. Bila hiyo hospitali mpya italazimika kumkata mgonjwa kinyama kingine na kuanza kungoja upya. Kila mgonjwa awe na nakala yake, na namba ya sampuli, maana kipande chenyewe hutunzwa maabara ndani ya nta na kinaweza kuombwa. Nakala nyingine ni orodha ya dawa alizopewa, dozi na tarehe, na kwa mwenye mionzi, amepigwa mara ngapi kati ya ngapi. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu mmoja mwaminifu. Waliokuwa wamezoea kutibiwa India waliujua umuhimu huo kwa uchungu Machi 2020, safari za ndege za kimataifa za nchi hiyo zilipositishwa na wao wakatakiwa kuendelea na matibabu Nairobi au Dar es Salaam mbele ya daktari asiyejua kilichofanyika Chennai.

Si kila kilicholetwa na janga kilikuwa hasara. Tarehe 28 Aprili 2020, katikati ya kishindo, jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la FAST-Forward la Uingereza, lililohusisha wagonjwa wa saratani ya titi zaidi ya 4,000 waliokwisha fanyiwa upasuaji. Mionzi mitano ndani ya wiki moja ilionekana kutozidiwa na mionzi kumi na mitano ya wiki tatu. Hospitali ambazo zingechukua miaka kubadili utaratibu zilibadili ndani ya wiki, kwa kuwa kila siku isiyo na safari ilikuwa siku isiyo na maambukizi. Kwa mama anayelipia chumba Ubungo au Kariobangi ili awe karibu na mashine, tofauti ya wiki mbili ni pesa ya karo. Haifai kwa kila mgonjwa wala kila kituo. Lakini kuuliza kama ratiba fupi inamfaa ni bure, mlipuko uwepo usiwepo. Vivyo hivyo aulize kama dripu fulani ina vidonge vya kuibadili, na kama miadi ya kusomewa majibu inaweza kufanyika kwa simu.

Damu ni jambo linalosahaulika mpaka siku ikikosekana. Kenya na Tanzania sehemu kubwa ya damu ya hiari hutolewa na wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, mifuko hupungua kwenye benki ya damu, na mgonjwa wa leukemia au mwanamke anayevuja damu kutokana na saratani ya mlango wa kizazi hawezi kupewa dozi yake kama hemoglobini imeshuka. Ndugu wenye afya wajue makundi yao ya damu mapema na wagawane zamu za kuchangia, badala ya kukimbizana siku ya dharura.

Maumivu nayo hayafungwi na serikali. Uganda, kupitia Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993, imezoesha mofini ya maji, inayotengenezwa nchini na kunywewa nyumbani, na sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Familia yenye mgonjwa anayetumia mofini isingoje chupa ifike chini. Tetesi za kufungwa kwa barabara zikianza, timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu, iombwe akiba ya kutosha wiki kadhaa, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa maana mofini hufunga tumbo na wengi huiacha kwa sababu hiyo tu.

Limebaki deni lililoachwa shuleni. Kenya ilizindua chanjo ya virusi vya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka kumi. Dozi ya pili ilitakiwa miezi sita baadaye, yaani karibu Aprili 2020, wakati madarasa yalikuwa matupu. Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Wasichana walioikosa chanjo miaka ile sasa ni vijana wa sekondari au wamekwisha kumaliza. Habari nzuri ni kwamba tangu 2022 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekubali kuwa dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana na wanawake mpaka miaka 20, na Tanzania mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa kawaida aliyepata moja tu mwaka 2019 hana sababu ya kuhesabiwa kama hakuchanjwa. Ambaye hakupata hata moja apelekwe kituo cha afya kuuliza kama umri wake bado unaruhusu.

Mama yake naye asiachwe nyuma. Uchunguzi wa mlango wa kizazi unashauriwa kuanzia miaka 30, na kwa anayeishi na virusi vya ukimwi kuanzia miaka 25. Vituo vingi hutumia kipimo cha siki, majibu hutoka siku hiyo hiyo, na kama hakuna tatizo kipimo hurudiwa baada ya miaka mitatu. Mahali penye kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, nyuma ya pazia au chumbani kwake, na kuikabidhi bila kupanda kitanda cha uchunguzi. Aliyeahirisha uchunguzi kwa sababu ya korona anaweza kuuliza kama kituo chake kina vijiti hivyo.